Makundi, sahani, ngumi au Brazili: mlo wako uupange kwa mwongozo upi?

Hii ndiyo Jumanne yangu ya wiki iliyopita, sijaipamba. Asubuhi chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, na vitumbua vinne. Saa tano, jua limeshika, soda baridi ya chupa. Mchana wali maharage kwa mama ntilie, pembeni mchicha wa kuonja tu. Usiku ugali wa sembe, dagaa wa Mwanza waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, na matembele.

Je, nilikula vizuri? Inategemea unamuuliza nani. Mwongozo mmoja utaniambia nimekosa tunda. Wa pili utaniambia sahani ya mchana imeelemewa na wali. Wa tatu utaniambia ugali wa usiku ulikuwa wa watu wawili. Wa nne utapita juu ya yote hayo bila kusema neno, uje unishike kwenye soda. Hakuna unaodanganya. Kila mmoja una jambo lake unalolitazama, na mtu akichukua mwongozo unaotazama jambo ambalo kwake si tatizo, ataufuata wiki mbili, ataona haumsaidii, ataacha, kisha atasema mambo ya lishe ni ya wenye nafasi.

Nimechukua minne ambayo hukosi kukutana nayo: makundi ya chakula tunayofundishwa Afrika Mashariki, sahani iliyogawanywa, vipimo vya mkono, na mwongozo wa Brazili unaopima chakula kwa kadiri kilivyopita kiwandani. Kila mmoja nimeuuliza mambo yaleyale. Unajibu swali gani? Unahitaji vifaa gani na muda kiasi gani? Unaelewana vipi na mlo wetu, kwa maana ya sinia, makande, pilau na ugali wa kumega? Unagusaje mfuko? Na kitu gani hauoni? Hilo la mwisho ndilo ninaloliwekea uzito zaidi, kwa sababu kila mwongozo una upande wake wa upofu, na matangazo yake hayakuambii.

Piramidi nimeiacha nje makusudi. Ilianzia Uswidi mwaka 1974, wakati bei za vyakula zimepanda, ikaja kuvuma duniani Marekani walipotoa yao mwaka 1992. Sakafu ya piramidi hiyo ya Marekani ilikuwa mkate, wali, tambi na nafaka nyingine, mara 6 hadi 11 kwa siku. Wenyewe waliibadilisha mwaka 2005, na mwaka 2011 wakaiacha wakahamia kwenye sahani. Ukiikuta kwenye daftari la mtoto usimwambie ni uongo, lakini mtu anayekula ugali mara mbili kwa siku hahitaji picha ya kumkumbusha wanga.

Makundi ya chakula

Wengi tulikariri makundi matano shuleni. Mwongozo wa taifa uliotolewa Tanzania Bara mwaka 2023 unahesabu sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta. Kenya nao wana mwongozo wao wa kitaifa wa mwaka 2017, unaofunga pamoja ulaji na mazoezi ya mwili. Hesabu ya makundi hutofautiana kidogo nchi na nchi, ila wazo ni moja.

Swali lake ni hili: kuna kinachokosekana? Si swali dogo. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, moja ya vijenzi vya protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na kile ambacho maharage yamepungukiwa mahindi yanacho. Bibi zetu waliopika makande hawakusoma kemia, lakini chungu chao kilikuwa na jibu. Vivyo hivyo madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha mwili huyavuta vizuri zaidi ukila na kitu chenye vitamini C, kama chungwa au limau la kukamulia. Chai ukiinywa papo hapo na chakula inafanya kinyume. Kwa hiyo kipande cha papai baada ya wali maharage kina kazi, hakikuwekwa pale kupamba.

Vifaa hauhitaji. Vidole vya mkono mmoja na kimoja cha kuazima vinatosha kuhesabia, na unahesabu ukiwa sokoni, kabla hata ya kuwasha jiko.

Kwa mlo wetu, hapa ndipo unapoipita miongozo mingine yote. Hauulizi chakula kimepakuliwaje. Pilau yenye nyama, kachumbari pembeni na ndizi mbivu baada yake ni makundi manne, na ukihesabu mafuta, matano. Iwe kwenye sahani, sinia au hotipoti, hesabu haibadiliki. Unahesabu sufuria.

Mfukoni pia una huruma, kwa sababu kila kundi lina mwanakundi wa bei nafuu. Asiyeweza nyama ana dagaa au yai. Tufaha lililosafiri kwa meli na embe la msimu liko kundi moja, na embe halina la kuonea haya. Matembele na majani ya maboga yanaota uani.

Upofu wake ni kiasi. Mlima wa wali na kijiko kimoja cha mchicha ni makundi mawili, sawa kabisa na nusu kwa nusu. Haupimi ubora ndani ya kundi pia: sembe na dona vinakaa kitanda kimoja, ingawa sembe imevuliwa pumba na kiini na kubaki na nyuzinyuzi kidogo. Halafu kuna wanakundi wasiojulikana kwao ni wapi. Ndizi ya kupika ni wanga, ikiiva ni tunda. Parachichi ni tunda lenye tabia ya mafuta. Nazi je? Mimi ninayepika kisamvu kwa tui naiweka kwenye mafuta, wala sitaki ubishi.

Jumanne yangu ilipata makundi matano kati ya sita. Rekebisho lake ni chungwa moja.

Unamfaa nani? Kwanza kabisa anayelisha mtoto mdogo. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani hutumia hesabu ya makundi manane, maziwa ya mama yakiwemo, na mtoto anatakiwa apate angalau matano kwa siku. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 kuna hesabu ya makundi kumi, na lengo ni matano au zaidi. Katika hesabu hiyo ya kumi, mboga za majani ya kijani zina nafasi yake, mayai yana nafasi yake, maziwa nayo yana yake. Unamfaa pia mpishi wa shule, na kaya yoyote ambayo mlo wake umebana: ugali na mboga ileile, leo, kesho, keshokutwa.

Sahani iliyogawanywa

Picha yake umeiona. Nusu ya sahani mboga na matunda, robo nafaka, hasa zisizokobolewa, robo protini. Wizara ya kilimo ya Marekani ilitoa sahani yake, MyPlate, mwaka 2011, na mwaka huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard wakatoa sahani yao wakiona ile ya serikali imelegeza mambo. Ya serikali iliweka maziwa pembeni ya sahani. Harvard wakaweka maji, wakashauri maziwa yasizidi kipimo kimoja au viwili kwa siku, na wakakataa katakata kuihesabu chipsi kuwa mboga: kiazi mviringo kwao hakimo kwenye ile nusu. Kanada, ambao mwongozo wao wa kwanza ulitoka vitani mwaka 1942, waliingia kwenye sahani mwaka 2019, wakaongeza maneno ambayo Mswahili hahitaji kufundishwa: pika mara nyingi zaidi, na kula pamoja na wenzako.

Swali la sahani ni uwiano. Kipi kimejaa na kipi kimebanwa? Kwa mtu wa mjini hili ndilo swali lenye jibu la aibu. Nilijaribu kulitumia kwa mama ntilie wangu.

"Mama, leo nipunguzie wali, mchicha uzidishe."

Akasimamisha upawa hewani. "Kaka, wali nikupunguzie tu, ila bei ni ileile. Mchicha wa kuongeza ni mia tano."

Hapo nikaelewa jambo ambalo picha ya sahani haisemi: wanga ndio unaoshibisha kwa bei ndogo, na mboga inapimwa kwa kijiko kwa sababu inakula mkaa na muda. Fungu mbili za mchicha mbichi zinajaza beseni. Zikiiva unabaki na kiasi cha kujaza bakuli dogo. Nusu ya sahani ya watu watano ni mafungu ya kutosha kumshangaza muuzaji. Masika, mboga zimejaa, inawezekana. Kiangazi bei inapanda, na nusu inaweza kugeuka theluthi bila mtu kuwa mkaidi.

Kifaa chake ni kimoja, na ndicho kinachowatenga wengi: sahani yako peke yako, bapa, ya sentimita 23 hivi. Shangazi yangu wa Tanga nilimwonyesha ile picha kwenye simu. Aliitazama akaniuliza, "Sahani gani hii mwanangu? Mimi nala na wajukuu, sinia moja." Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye niliona kwamba uwiano unaweza kuhamishiwa kwenye sufuria: ukipika kilo moja ya mchele, tazama sufuria ya mboga iliyo pembeni, je, inakaribia ukubwa huo? Ukiona ni kisufuria cha kuchemshia maziwa, jibu unalo.

Makande nayo yanausumbua mgawanyo. Huwezi kuokota punje za mahindi upande huu na maharage upande ule. Njia rahisi ni kuyapa makande nusu ya sahani, maana yana wanga na protini ndani yake, na nusu nyingine mboga na kachumbari. Pilau ifanyie hivyohivyo.

Upofu wake? Sahani ina upana, haina urefu. Ugali unapanda kwenda juu. Nimeona robo ya sahani iliyojengwa ghorofa tatu, na mwenye nayo akaapa kwamba ameufuata mwongozo. Mafuta yaliyoingia kwenye mchuzi hayaonekani, chumvi haionekani, na vitumbua vya asubuhi na soda ya saa tano havikai kwenye sahani hata kidogo. Kwa mtoto wa miaka miwili nusu ya majani inajaza tumbo dogo kabla nguvu haijaingia. Kwa kibarua anayebeba zege robo ya wanga haimfikishi saa kumi.

Jumanne yangu, mlo wa mchana, wali ulichukua robo tatu na zaidi. Rekebisho ni mia tano ya mchicha.

Unamfaa mfanyakazi wa ofisini anayekaa kutwa, anayejipakulia mwenyewe, anayekula sahani yake, na ambaye tatizo lake si kukosa bali ni kuzidisha upande mmoja. Wanafunzi wa bweni wenye foleni ya kupakuliwa hawana la kufanya nao, labda aliyeshika upawa ndiye aufundishwe.

Ngumi na kiganja

Huu umetoka Zimbabwe, ukifundishwa watu wenye kisukari, na ukasafiri hadi Kanada ambako nao waliuchukua kwa wagonjwa wao. Wanga ni kiasi cha ngumi yako, na wengine huruhusu ngumi mbili kwa mlo. Tunda ni ngumi moja. Nyama au samaki ni ukubwa wa kiganja bila vidole, unene wa kidole cha mwisho. Mboga ni kadiri mikono miwili iliyokingwa inavyoweza kubeba. Mafuta ni ncha ya dole gumba.

Swali lake ni kiasi gani kinanitosha mimi. Mimi, si jirani, maana mwenye mwili mkubwa kwa kawaida ana mkono mkubwa. Nilitaka kujua ngumi yangu ni kiasi gani hasa, nikajaza maji jagi lenye alama, nikaizamisha hadi kwenye kifundo. Maji yalipanda mililita 300 na ushei. Mke wangu akafanya hivyo, ya kwake haikufika 250. Kisha ugali wangu wa usiku, ule wa kila siku ambao siku zote nimeuita wa kawaida, nikaushindilia kwenye bakuli ninalojua ujazo wake. Ngumi tatu na nusu. Nilinyamaza.

Vifaa unavyo tangu kuzaliwa. Muda ni wa kutazama mara moja. Mfuko hauguswi, bali hupumua, kwa sababu mara nyingi jibu ni kupunguza.

Kwa mlo wetu umekaa vizuri kuliko nilivyodhani. Sisi tunakula kwa mkono, mkono wenyewe upo pale. Na kwenye sinia, kinyume na sahani, una mlango: adabu ya sinia ni kula mbele yako. Shangazi anavuta wali wake wa ngumi moja mbele yake kabla ya bismillahi, akiumaliza anaendelea na mchuzi, samaki na mchicha, wala hakuna mjukuu anayejua kwamba bibi yuko kwenye mpango. Harusini nako, pale meza ndefu ya vyakula inapokupofusha, ngumi huingia nayo bure.

Unakwama kwa dagaa, ambao hawana unene wa kidole wala umbo la kiganja. Mimi nawachukua wanaojaa kwenye kiganja kilichokunjwa kidogo. Unakwama pia kwenye mafuta. Ncha ya dole gumba ni kama kijiko kimoja cha chai kwa mtu. Watu watano, vijiko vitano. Nani kati yetu anapima? Tunainamisha chupa na kusikiliza mlio wa kitunguu. Jaribu siku moja kumimina kwanza kwenye kikombe uone.

Upofu wake ni aina. Ngumi ya chipsi na ngumi ya viazi vitamu vya kuchemsha kwake ni ngumi tu. Unaweza kula ngumi ya wali na kiganja cha kuku mwaka mzima bila kuona jani la mlenda. Na haukutengenezwa kwa mtu anayehitaji kuongezeka. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua na mpiga jembe wasijibane kwa ngumi.

Unamfaa anayetaka kupunguza uzito, mwenye kisukari aliyekwisha kuelekezwa hospitali na anahitaji tu kipimo cha kukumbuka, dereva wa safari ndefu anayekula kila siku hoteli tofauti, na yeyote ambaye hana sahani ya peke yake.

Mwongozo wa Brazili

Mwaka 2014 Brazili walitoa mwongozo ambao hauhesabu makundi wala haugawi sahani. Msingi wake ni kazi ya Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, waliopanga vyakula kwa namna vilivyosindikwa. Kuna vyakula halisi au vilivyoguswa kidogo tu: maharage, mchele, mihogo, samaki, maziwa, mayai. Kuna viungo vya jikoni: mafuta, chumvi, sukari. Kuna vilivyosindikwa kwa njia ambazo hata jikoni zinaeleweka, kama samaki wa chumvi na jibini. Mwisho kuna vilivyosindikwa kupita kiasi: soda, soseji, biskuti za pakiti, tambi za dakika tatu, juisi za boksi zenye ladha ya embe ambazo embe halikupita karibu. Kanuni yake kuu ni fupi: pendelea vyakula halisi na vilivyopikwa sasa hivi kuliko vilivyosindikwa kupita kiasi.

Kwa msomaji wa huku kuna raha yake. Ndani yake mmewekwa milo halisi ya Wabrazili wa kawaida, na kinachojirudia ni wali na maharage. Mama ntilie wangu angeupenda.

Swali lake: hiki kimepikwa au kimetengenezwa? Kifaa ni macho ya kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Ukiona majina ambayo hayapo kwenye kabati lolote la jikoni, vidhibiti, vikoleza ladha, rangi, umeshajua. Kwa mlo wetu haukwami popote, kwa sababu sinia, makande, kisamvu na boko-boko vyote vinapita.

Gharama yake haiko kwenye bei, iko kwenye saa. Maharage yanataka saa mbili tatu motoni, na mkaa haununuliwi kwa maneno. Kuyaloweka usiku kunasaidia, kupika ya siku tatu na kuyagandisha kunasaidia zaidi kwa mwenye friji. Lakini mama anayetoka kazini saa kumi na mbili, kapanda daladala mbili, watoto wana njaa, pakiti ya tambi kwake ni dakika kumi za kupumua. Mwongozo wa Brazili wenyewe unasema kazi ya jikoni igawanywe kwa wote nyumbani, wanaume wakiwemo. Nimeupenda hapo, ingawa haikuwa raha kuusoma mke wangu akiwa amesimama nyuma yangu.

Upofu wake sasa. Vitumbua vyangu vimepita, kwa kuwa ni mchele, nazi, sukari na mafuta, vimepikwa na mtu ninayemfahamu. Chipsi zege imepita. Maandazi yamepita. Chai yangu ya vijiko vitatu imepita bila kupigwa hata tochi. Mwongozo unakuonya upike kwa mafuta, chumvi na sukari kidogo, lakini namba haukupi, hivyo nimeazima ya Shirika la Afya Duniani: sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ambayo kwa anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50, vijiko 12 hivi vya chai. Chai yangu vijiko vitatu, soda kama vinane. Kumi na moja, na vitumbua sijavigusa. Wala mwongozo huu haukukuuliza kama umekula tunda, au kama mboga ilikuwa ya kuonja.

Jumanne yangu kwa Brazili ina doa moja, ile soda. Rekebisho ni maji.

Unamfaa mkazi wa mjini mwenye duka la vitafunwa mlangoni, mwanafunzi wa hosteli, na mzazi ambaye kisanduku cha shule cha mtoto kimejaa vitu vya pakiti. Unawafaa kuliko wote ndugu walioko Muscat, London au Toronto, ambao dagaa ni wa kutafuta lakini rafu za vyakula vya kiwandani ni za kutembea nusu saa. Kijijini ambako duka zima ni sukari, chumvi, mafuta na biskuti, hauna mengi ya kumwambia mtu.

Ukiwa wapi, uchukue upi

Kabla ya kuchagua, andika siku yako moja kama nilivyoandika Jumanne yangu, pamoja na vile vya kula umesimama. Mara nyingi tatizo linajitokeza lenyewe kwenye karatasi, na mwongozo unalifuata tatizo.

Ikiwa mlo wa nyumbani ni uleule kila siku, au una mtoto chini ya miaka miwili, anza na makundi na usihangaike na mengine kwanza. Nusu sahani na ngumi ni mambo ya mtu ambaye vyakula vya aina nyingi vimekwisha kufika mezani.

Ikiwa vyote unavipata lakini nguo zinabana, sahani au ngumi. Unakula peke yako kwenye sahani, chukua sahani. Mnakula pamoja, au unakula njiani, chukua ngumi. Ukivitumia vyote viwili havigombani: sahani inapanga upana, ngumi inazuia ghorofa.

Ikiwa siku yako ina vitu vitatu vya pakiti au zaidi, Brazili utakupa faida haraka kuliko hesabu yoyote, na unaweza kuanza na kinywaji peke yake.

Kwa anayepikia watu wa rika tofauti, kama mjamzito, mzee mwenye kisukari na vijana wa shule chini ya paa moja, nisingetumia mmoja. Makundi yapange sokoni na kwenye sufuria, kila mtu ale kutoka hapo, kisha ngumi iwe ya yule mzee peke yake. Chakula ni kimoja, vipimo ndivyo tofauti, na hakuna anayepikiwa kivyake kama mgonjwa.

Wenye ugonjwa wa figo, kisukari kinachotibiwa kwa sindano, au shinikizo la damu lisilotulia, waonane na afisa lishe wa hospitali kabla ya kubadilisha lolote. Kwa mgonjwa wa figo maharage na ndizi, ambavyo miongozo hii inavikubali, vinaweza kuhitaji kipimo maalumu.

Mimi nimeongeza chungwa, nimeacha soda siku za kazi, na ugali uko kwenye ngumi mbili na kitu. Shangazi amebaki na ngumi yake moja ya wali. Siri imevuja lakini: mjukuu mdogo alimwona akiipima juu ya sinia, na sasa nyumba nzima wanamwita Bondia.